Weka Maji Mdomoni

Tuwan, Kitale
Jumapili usiku

Nekesa mwanangu,

Umelala? Umelala. Sanduku lako bado liko hapa sebuleni, wazi, nusu ya nguo ndani na nusu nje, vile uliliacha uliposema huendi tena. Mimi nimekaa, nimesimama, nimeenda kuangalia kama lango limefungwa, nimerudi, nimeenda tena. Mara ya tatu mama yako ameniambia kutoka chumbani, "Baba Nekesa, hiyo geti haina miguu. Keti." Basi nimeketi, na kwa kuwa mikono haitaki kutulia nimeipa kalamu.

Sitakuandikia habari za sabuni na blanketi, wala marafiki wa kuchagua. Hayo mama yako ameyasema na atayasema tena ukiwa mlangoni. Mimi nina jambo moja tu na linaniwasha. Asubuhi rafiki yako Raeli atagonga lango kukupitia ili mwende pamoja Bungoma, chuoni, na wewe utakuwa umekata shauri kwa kutegemea uongo niliokuambia leo. Huo uongo nataka kuutoa kabla hajagonga.

Leo baada ya ibada mlibaki kanisani, wewe na vijana wenzako. Raeli alikuwa ameambiwa na dada yake, aliyesomea ualimu chuo hicho hicho, kwamba huko mwanafunzi husimamishwa mbele ya wenzake afundishe kana kwamba wao ni watoto wa darasa la tatu, halafu wenzake wanamwambia walichoona, kizuri na kibaya. Mkasema mjaribu mapema, na wewe ukawa wa kwanza. Mimi nilikuwa benchi la nyuma nikijifanya nasubiri mvua ipungue. Mvua ilikuwa imeisha zamani.

Ulipendeza. Hilo nalisema wazi kwa sababu ni kweli na kwa sababu sikukuambia. Mmea wa mahindi uliouchora kwenye karatasi ya manila ulionekana mpaka nilipokuwa, mizizi, bua, majani, na sauti yako ilifika bila wewe kupiga kelele. Kisha Raeli akaambiwa aseme, akasimama.

"Nekesa, si umefundisha poa," alisema. "Lakini ukiuliza swali unajijibu. Ati 'Mizizi hufanya kazi gani? Hunyonya maji.' Mimi jibu nilikuwa najua, bana. Nimefungua mdomo hivi, wewe ushapita."

Wakacheka. Hawakukucheka wewe, walicheka kwa sababu kila mmoja wao alikuwa amefungua mdomo hivyo hivyo. Mimi pale nyuma sikucheka. Nilihisi kama mtu aliyeitwa jina lake kanisani, na sababu yake utaiona mbele.

Ulifika nyumbani kabla yangu. Nilikuta manila imeraruliwa vipande vinne juu ya meza na wewe unalia, unasema Raeli amekuaibisha mbele za watu, na kama chuo chenyewe ni cha kusimamishwa uhesabiwe makosa na watu wa rika lako, basi huendi, utabaki hapa umsaidie mama kuuza mboga sokoni. Mimi nikasema, "Achana na yeye. Raeli ana wivu tu."

Raeli hana wivu, Nekesa. Mtoto aliyekula ugali katika nyumba hii tangu nyote wawili mkiwa na mapengo ya meno, aliyekushonea sketi ile ya kijani kwa mkono siku cherehani ya mama yake ilipoharibika! Nilisema hivyo kwa sababu ulikuwa unalia na nilitaka kilio kiishe, kama mtu anayemlambisha mtoto sukari ili anyamaze. Na kilio kiliisha kweli. Ukapangusa macho, ukasema, "Si hata wewe umeona." Tangu saa ile ndiyo nazunguka hii nyumba.

Nilijua ni uongo kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kuutumia kujifariji.

Unajua kwamba kabla hujaanza shule nilifanya kazi na kampuni moja ya mbegu hapa Kitale. Habari za pikapu nimekusimulia mpaka umechoka. Habari za maji sijakusimulia. Tulikuwa watatu: mimi, Barasa wa Bungoma aliyekuwa dereva na mtu wa mbegu kwa pamoja, na Chemtai, mama mmoja wa Kapsokwony, mpole wa sauti lakini ulimi wake ulikuwa na makali. Kazi yetu ilikuwa kuzunguka siku za wakulima, kusimama mbele ya watu na kuwaonyesha namna ya kupanda. Akizungumza mmoja, wengine wawili husimama katikati ya watu na kutazama. Tukimaliza, kabla gari halijawashwa, wale wawili humwambia mwenzao walichoona. Hakuna mkubwa aliyetuamuru. Tulipatana wenyewe, maana watu wakisinzia huku tunazungumza, mbegu tunarudi nazo Kitale.

Lakini mimi nilikuwa siambiliki. Chemtai akisema niliongea haraka, nilisema ni upepo. Barasa akisema watu wa nyuma hawakuona mbegu mkononi mwangu, nilisema waje mapema. Nilikuwa na jibu kabla lawama haijamaliza kutoka. Basi siku moja kule Kapsokwony, tumeegesha kwenye mteremko na jiwe chini ya gurudumu, Chemtai alichoka nami. Alichukua chupa ya maji akanipa.

"Chukua funda moja," alisema. "Usimeze. Usiteme. Tukimaliza kuongea ndio umeze."

Barasa alicheka mpaka akalalia usukani. Lakini tangu siku hiyo ikawa sheria ya pikapu, na haikuwa yangu peke yangu: aliyezungumza mbele ya watu anaweka maji mdomoni mpaka wenzake wamalize kumwambia. Akimeza kabla, ananunua chai ya wote. Chai nilinunua mimi, mama. Niliinunua mara nyingi hivi kwamba mwenye hoteli pale Chwele alidhani mimi ndiye tajiri wa gari lile.

Ukijaribu utaona. Mwanzoni maneno yanapanda yenyewe yanakuta mlango umefungwa. Mashavu yanauma. Unataka kucheka, halafu unataka kupigana. Baada ya hapo, kwa kuwa huna kazi nyingine ya kufanya, unaanza kusikia. Sisemi unaanza kukubali. Kukubali kulinichukua muda mrefu zaidi, na kuligharimu shamba la watu.

Ilikuwa siku ya wakulima kule Bungoma, si mbali na kwa kukhu wako, mama yake mama yako. Zamu ya kuzungumza ilikuwa yangu. Watu walikuwa wameketi kwenye nyasi, wanaume mkono wa kulia, akina mama wa kushoto. Nimesalimu, nimeinua jembe, nimeinua na macho, na nani ameketi mbele kabisa upande wa kushoto? Mama mkwe.

Desturi yetu unaijua. Mkwe hamtazami mama mkwe usoni, hampi mkono, hapiti karibu naye. Sembuse kusimama hatua chache mbele yake amekunja suruali, anachuchumaa na kuinuka kuonyesha namna ya kufukia shimo! Yeye naye hakujua kuwa mgeni wa siku hiyo ni mimi. Kuondoka angeonekana, kwa hiyo aliinamisha kichwa akatazama nyasi. Mimi nikageuka. Nilizungumza mwanzo mpaka mwisho nimewaelekea wanaume, na akina mama nikawapa mgongo. Hata kupanda nilipanda nikiwa nimewapa mgongo. Nilisema yote: shimo, kizibo kimoja cha soda cha mbolea, kisha udongo kidogo juu ya mbolea, ndipo mbegu, kwa sababu mbolea ikiigusa mbegu inaichoma. Niliyasema vizuri. Nilipigiwa makofi na upande wa kulia.

Garini nikatia funda. Chemtai akasema, "Wamama hawakukuona. Uliwapatia mgongo mpaka mwisho. Na upepo ulikuwa unapeleka sauti huko kwa wazee."

Nilitikisa kichwa, nikaonyesha kwa mikono, na mwisho nikameza. "Chai ni juu yangu," nikasema, "lakini mama mkwe wangu alikuwa pale mbele! Mlitaka nimtazame?"

Barasa, ambaye ni wa kwetu na anajua desturi, aligeukia usukani wake. Nikadhani nimeshinda. Chemtai akaniuliza, "Na wale wengine wote wa upande ule? Hao pia ni mama wakwe wako?"

Nilikasirika, Nekesa. Sikusema naye mpaka tukafika Kitale. Nilipoingia nyumbani nilimwambia mama yako kwamba Chemtai ananionea wivu kwa sababu mimi hupigiwa makofi kuliko yeye. Mama yako alikuwa anachagua maharage. Aliendelea kuchagua maharage.

Hapa ndipo ninapotaka ukae nami kidogo, maana ndipo hata leo huwa napotea. Sababu yangu ilikuwa ya kweli. Heshima ile haikuwa mchezo, na kama ningemkazia mama mkwe macho watu wangenishangaa mpaka leo. Na wale akina mama hawakusikia, hiyo nayo ilikuwa kweli. Mimi nilidhani nikiwa na sababu nzuri basi lawama imekufa. Nilikuwa nimewapa wenzangu sababu, na akina mama nikawa sijawapa kitu.

Mvua ikaja, watu wakapanda. Baada ya wiki chache mama yako alienda kumsalimu kukhu, akarudi na habari. Alikuwa amekuta shamba la kukhu lina mapengo mstari hadi mstari, na la jirani vilevile. Walikuwa wameona kiwiko changu kikienda na kizibo cha soda, basi wakatia mbolea, wakaweka mbegu juu yake, wakafukia. Udongo wa katikati hakuna aliyeusikia. Mbegu ikaungua. Walirudia kupanda kwa mahindi ya ghalani, wamechelewa, mvua yenyewe inaaga. Mwaka huo kukhu wako, aliyezoea kuwagawia watu mahindi, alinunua unga dukani.

Jirani alimwambia mama yako bila kuficha, "Si ni mzee wako alitufundisha? Sisi tuliona mgongo tu."

Lakini kukhu mwenyewe alinitumia ujumbe huu: "Mwambie baba watoto mvua ilikuwa mbaya." Mvua haikuwa mbaya. Alikuwa ananisitiri, na sukari ile aliyonilambisha ilinichoma kuliko swali la Chemtai. Niliona aibu, mwanangu. Nililala macho wazi kama leo.

Nilipomwona Chemtai kazini nilichukua chupa mwenyewe bila kuambiwa, nikajaza mdomo, nikamwashiria arudie. Alinitazama akaelewa. Akarudia yote, na kwa kuwa mlango ulikuwa wazi akaongeza mengine mawili aliyokuwa ameyaweka: kwamba mimi huwa namtazama anayenisifu tu, na kwamba nikiuliza watu swali siwangoji. Huyo Chemtai hajawahi kumwona Raeli. Unaona sasa kwa nini leo sikucheka.

Msimu uliofuata tulirudi mahali pale pale. Haikuwa kazi yangu kumuuliza mama mkwe tufanyeje, kwa hiyo mama yako alitangulia kuuliza. Siku ilipofika nilikuta akina mama wameketi kushoto kama kawaida, na mbele yao kukhu wako amejifunika leso kichwani, amenigeuzia mgongo. Yeye aligeuka ili mimi nisigeuke. Nikawaelekea watu wote. Nilipofika kwenye mbolea sikusema jibu. Niliuliza, "Kati ya mbolea na mbegu tunaweka nini?" kisha nikafunga mdomo, nikangoja. Ilinichukua moyo kungoja, nakuambia. Kimya kile kilikuwa kirefu, na Barasa alikuwa ananikodolea macho nisithubutu kujijibu.

"Udongo!" walisema akina mama, na katikati ya sauti zile ilitoka sauti moja chini ya leso. Ilibidi niiname kama ninayeokota mbegu, nifiche uso.

Jioni mama yako aliniletea neno lake. "Amesema sasa amesikia. Lakini ati unaongea haraka kama mtu ameacha sufuria kwa moto." Mbele ya bibi huyo hata maji mdomoni hayatoshi.

Basi ungedhani nilipona. Shambani nilipona kidogo. Nyumbani sikupona, na wewe ndiye shahidi. Mmeshiba? Mmeshiba. Mvua itanyesha leo? Haitanyesha. Umelala? Umelala. Rudi juu uone jinsi nilivyoianza barua hii. Ile tabia aliyoiona Raeli leo hukuiokota njiani. Umeketi meza moja na mwenye nayo tangu ulipojua kushika kijiko, na hujawahi kupata nafasi ya kumaliza jibu, ndiyo maana wewe nawe ukipewa chaki humpi mtu nafasi. Mimi ndiye niliyejulikana pale kanisani, na nikamsingizia Raeli wivu ili nisijulikane. Nisamehe kwa hilo. Lile la wivu nitamwambia mwenyewe, mbele yako, maana maneno yale ni yangu na wewe si wa kuyabeba.

Kuna lingine, na hili ndilo linalonipeleka langoni na kunirudisha. Mjomba wako alipokuja wakati wa matokeo akauliza, "Nekesa anataka kusomea nini?" nani alijibu? Nilijibu mimi. Nikasema ualimu, anapenda sana watoto. Ulikuwa umesimama pale na birika la chai. Nimejaribu usiku huu wote kukumbuka uso wako ulikuwaje na siwezi, kwa sababu sikuutazama. Nimeshajaza fomu, nimeshatangaza kanisani, watu wameshakuombea, na jibu lako mwenyewe sijawahi kulisikia. Leo uliposema huendi nilidhani ni kwa kuwa umemkasirikia Raeli. Labda ni hasira hiyo. Labda ni mara ya kwanza umepata nafasi ya kujibu. Sijui, mama. Nilitaka kuandika kwamba najua, nikalikata neno. Utaona hapo wino ulipochafuka.

Kama ualimu unautaka, nenda, na huyo rafiki yako mshikilie kwa mikono miwili. Huko chuoni watakaokusifu hawatakosekana, na watakaokucheka nao wapo. Wa kusimama akakuambia, kwa upole, ulipowaacha wenzako njiani, huwa ni mmoja au wawili katika maisha. Si kila atakachosema kitakuwa sawa. Chemtai mwenyewe alikosea mara nyingi, aliwahi kuniambia nivae kofia nyekundu ili watu wanione, na ng'ombe wa mtu wakanifuata. Lakini msikilize mpaka mwisho ndipo uchague.

Manila yako nimeiunganisha. Nimekoroga unga na maji ya moto nikabandika vipande kwa nyuma, nimeilaza mezani chini ya Biblia na vile vitabu vyako vizito ikauke. Mzizi mmoja umepinda kidogo, huo ni mkono wangu. Ikikufaa, ichukue. Isipokufaa, iache hapo.

Asubuhi Raeli akigonga nitafungua mimi. Nitasema naye lile langu. Kisha nitakuuliza wewe swali moja, mara moja tu: unaenda? Kikombe cha maji nimeshakiweka hapa kando ya taa. Nikishauliza nitachukua funda, na nitakaa nalo mpaka umalize. Ukisema ndiyo, nitakuwa na maji mdomoni. Ukisema hapana, nitakuwa na maji mdomoni. Ukitaka kuongeza na mengine kunihusu, ongeza, na Raeli naye akiwa na lake aseme, jagi limejaa.

Na kesho, Nekesa, chai sinunui.

Mimi baba yako